Kaputula Yangu na Kambale Asiye na Kaka

Ninyi mnaoshika chaki kwa mara ya kwanza mwaka huu, nawaomba jambo moja kabla ya mengine yote: msiweke dau na wanafunzi juu ya nguo zenu. Dau la maharagi, sawa. Dau la kufuta ubao, sawa. Dau la nguo, hapana. Mimi niliweka, na ndiyo maana pale Butembo kuna watu wazima wenye maduka na ndevu ambao mpaka leo wakikutana nami njiani hawaniangalii usoni. Wananiangalia magoti.

Nimefundisha hesabu miaka thelathini na mmoja, mingi Butembo na michache Beni, na sasa nimestaafu, nina muda wa kutosha wa kuona aibu bila haraka. Kwetu ni Kasai. Serikali ilinituma huku nikiwa kijana mwembamba mwenye koti moja, na hakuna aliyenionya kwamba Butembo kuna asubuhi ambazo vidole vinakataa kushika chaki kwa baridi. Kiswahili nilichokuja nacho kilitosha kuomba maji na kuuliza njia. Kilichobaki nilifundishwa na wanafunzi, bure kabisa, kwa kunicheka.

Somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa lile la vitu vinavyohesabika kimoja kimoja: maharagi, watu, njia, majina. Na ndani ya somo hilo kuna kazi ngumu moja, nayo ni kuthibitisha, yaani kuandika kwa nini jambo ni kweli, kwa namna ambayo hata mtu asiyekupenda akisoma atakubali shingo upande. Mwanzoni nilifundisha kama nilivyofundishwa mimi: naandika ubaoni, wanaandika daftarini, wote tunalala, wao wamekaa na mimi nimesimama. Prefet wetu, yaani mkuu wa shule, alikuwa mzee Mbusa, mtu mkavu ambaye sikuwahi kumwona akikimbia hata mvua ikinyesha. Siku moja aliniita bureau, ofisini kwake.

“Monsieur,” akasema, “nimepita kwa dirisha yako. Batoto banalala. Ule wa nyuma anakoroma. Fanya kitu.”

“Kitu gani, Prefet?”

“Mimi najua? Mimi ni mutu ya géographie. Minakupa Alhamisi, saa ya mwisho. Cheza nabo, imba nabo, sijui. Wakilala tena, ile saa minairudisha kwa religion.”

Ndivyo nilivyoipata saa ya Alhamisi, na ndivyo nilivyopata jina la Prof Maharagi, kwa sababu siku ya kwanza niliingia na kikopo cha maharagi nilichokitoa jikoni bila ruhusa ya mke wangu.

Mchezo wenyewe ni huu, nanyi mnaweza kuutumia kesho. Unaweka maharagi ishirini na moja mezani. Wawili wanacheza kwa zamu. Kila zamu unachukua moja, mawili au matatu, na huruhusiwi kuacha kuchukua. Anayechukua la mwisho ndiye mshindi. Siri yake iko katika nne. Ukimwachia mwenzako maharagi yanayogawanyika kwa nne, basi akichukua moja wewe chukua matatu, akichukua mawili wewe chukua mawili, hivyo hivyo mpaka mwisho, anabaki anayatazama manne yake kwa huzuni. Wanafunzi waliigundua siri hiyo kwa wiki mbili. Lakini siri siyo somo. Nilitoa sheria kwamba mshindi hapati pointi hata moja mpaka aandike kwa nini alishinda, na hapo ndipo kilio kilipoanza.

Nimehifadhi baadhi ya karatasi zile. Mmoja aliandika: “Nilishinda juu Kasereka hana akili,” na huku juu maana yake ni kwa sababu. Mwingine: “Inaonekana.” Mwingine, kwa adabu kubwa: “Prof alisema.” Kulikuwa na mmoja aliyeandika uthibitisho safi, ukurasa mzima bila kosa, na mwishoni, mahali ambapo watu wa hesabu tunaandika c.q.f.d., yaani imethibitishwa, yeye aliandika Amina. Nilimpa pointi zote. Maneno yote mawili kazi yake ni ile ile, kumwambia msikilizaji kwamba sasa anaweza kuinuka.

Nilipokuwa Beni, jirani yangu alikuwa adjudant mmoja mnene wa jeshi aliyetoka Équateur, mtu wa kucheka sana. Tulikuwa tunasubiri maji bombani, nikamfundisha mchezo ule nikiwa na uhakika wa kumshinda. Katikati ya mchezo kuku wangu alikatiza, nikamfukuza, nikarudi nikakosea hesabu, nikashindwa. Adjudant alipiga kelele bomba zima likageuka: “Prof, oyebi te!” yaani hujui kitu. Nikamwuliza ameshinda kwa nini. Akajibu kwa Kilingala kwamba ni kwa sababu yeye ni askari. Tukacheza tena mara kumi, akashindwa mara kumi, na kila mara nilipomwuliza tena kwa nini alishinda ile ya kwanza, jibu lake lilikuwa lile lile. Kesho yake niliandika ubaoni “Kwa sababu mimi ni askari” na kuwaambia wanafunzi: huu ni mfano wa mtu aliyeshinda bila kuthibitisha. Walielewa haraka kuliko nilipoeleza kwa kitabu.

Na jambo la misa, msinifuate. Niliwafundisha kwamba popote watu wanapopeana mikono, hesabu ya wale waliopeana mikono mara zisizogawanyika kwa mbili lazima yenyewe igawanyike kwa mbili. Ni kweli, na uthibitisho wake ni mfupi, kwa kuwa kila mkono unaotolewa kuna mwingine unaoupokea. Jumapili iliyofuata, wakati wa kutakiana amani, nusu ya darasa langu lilikuwa likizunguka kanisani na madaftari. Binti mmoja alimkatalia bibi kizee mkono: “Pole, mama, mimi niko impair, utaniharibia,” yaani hesabu yake haigawanyiki kwa mbili. Padri aliwauliza kutoka altareni kama wanahesabu waumini au viatu vyao. Wiki nzima mke wangu alikaa benchi la mbali nami.

Sasa tufike kwa Kambale.

Siku yangu ya kwanza kabisa Butembo niliita majina kama tulivyozoea kwetu, neno la kwanza tu. Nikasema “Kambale!” Wavulana tisa wakasimama na kujibu “Présent!” kwa sauti moja. Nikajua wananipima. Nikawatoa nje. Nikasema “Paluku!” Wakasimama saba. Nikawatoa nao. Nilipomaliza kwa Kasereka nilibaki na wasichana na mvulana mmoja kutoka Kisangani, na nje mvua ilikuwa imeanza. Mzee Mbusa akaja, hakukimbia, akasimama mlangoni.

“Monsieur, juu ya nini batoto bako inje mu mvua?”

“Wamekataa kusema majina yao, Prefet.”

Alishika nguzo, akacheka mpaka miwani yake ikaanguka. Ndipo akanieleza kwamba kwa Wanande, wenyeji wa Butembo, jina la mtoto linafuata zamu ya kuzaliwa kwake kwa mama yake. Mvulana wa kwanza ni Paluku, au Mumbere, au Nzanzu. Wa pili ni Kambale. Wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa kama yeye mwenyewe. Wasichana nao wana orodha yao, wa kwanza Masika, na kuendelea. Kuna pia Muhindo, lakini huyo waulizeni Wanande, kwa sababu aliniharibia ubao mara mbili.

Fikirieni furaha ya mwalimu wa hesabu aliyeletwa katika nchi ambayo watoto wanazaliwa wakiwa na namba tayari. Nilitumia majina yale miaka mingi. Majina ni machache na watoto ni wengi, kwa hiyo lazima kuna wawili watakaokaa katika jina moja: hilo ni somo zima, na halihitaji kitabu. Tena, kama kuna Kakule basi alitanguliwa na Kasereka, na Kasereka na Kambale, na Kambale na yule wa kwanza, unashuka hatua kwa hatua mpaka chini: hilo nalo ni somo, na lile ndilo linalowatoa wengi jasho.

Basi Alhamisi moja, miaka mingi baada ya mvua ile, niliandika ubaoni kwa herufi kubwa: KILA KAMBALE ANA KAKA MKUBWA, MTOTO WA MAMA YAKE. Nikapiga chini yake mstari, nikaandika c.q.f.d., nikapangusa mikono.

Kavira akainua kidole. Kavira alikuwa chef, yaani kiongozi wa darasa, binti wa fundi viatu, mrefu, na alikuwa haamini kitu. Ungemwambia leo ni Alhamisi, angeomba kuona kalenda.

“Prof, ile umeandika ni théorème ao ni habari?”

“Ni théorème, kauli yenye uthibitisho.”

“Preuve iko wapi?” yaani uthibitisho.

“Preuve ni desturi yenu, Kavira. Mimi ni mutu ya Kasai. Ninyi ndio mulinifundisha.”

“Desturi, batu banaweza kuiacha. Na pale umeandika ‘kila’. Hukuandika ‘karibu kila’.”

Alikuwa na haki. Mwalimu mwenye moyo safi angeongeza mstari mmoja juu, “Tuchukulie kwamba desturi imefuatwa,” na maisha yangeendelea. Lakini ilikuwa saa ya mwisho, nilikuwa na njaa, na darasa lilikuwa linacheka. Kiburi kikanipanda. Nikasema: “Bon. Mukinileteya Kambale moja tu asiye na kaka mukubwa, Kambale wa kuzaliwa, siyo jina ya baba, nitafundisha mwezi muzima mu uniforme yenu. Shati nyeupe, kaputula ya bleu.”

Darasa lilipiga meza kwa dakika nzima. Kavira aliandika maneno yangu daftarini na kuniomba niweke sahihi.

Msako ukaanza. Kesho yake waliniletea mbuzi. Sikuwa nimesema Kambale awe mtu, na mfanyabiashara mmoja wa Eringeti alikuwa amempa beberu wake jina hilo. Mzee Mbusa aliitwa kutoa hukumu. Alimtazama beberu, akamuuliza mwenye mbuzi maswali mawili, akasema: “Huyu alikuwa na kaka. Balimukula Noeli.” Mbuzi akaondolewa. Kisha wakamleta fundi wa baiskeli, Kambale aliyeapa kwamba ni mtoto wa pekee. Wakapiga simu huku na huku, mpaka kwa shangazi yake aliyeko Manguredjipa, na kumbe ana kaka, Mumbere, aliyekaa Kampala muda mrefu hata familia ikamsahau. Simu ikapigwa Kampala. Mumbere alikuwa mzima, na alikuwa amekasirika.

Nilicheka wiki nzima. Nilijiona mwalimu bora wa jimbo lote, maana wanafunzi walikuwa wanafanya hesabu mpaka sokoni bila kuambiwa.

Kilichokuwa kinatokea sokoni sikukijua. Ili kumpata Kambale asiye na kaka, lazima umuulize mama yake amezaa wangapi, na nani alitangulia. Na wanafunzi wangu walikuwa wanawauliza akina mama mbele ya meza zao za vitunguu, wakiwa na madaftari, kama nilivyowafundisha. Siku ya Jumatatu akina mama watano walikaa bureau ya Prefet. Mmoja wao, mama mwenye kitambaa cha kijani, ndiye aliyesema.

“Prof, mwanamuke hapana kuulizwa hesabu ya tumbo yake na batoto ya masomo. Ile kwetu haiulizwe.”

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka, naandika ili mjue. Nikamwambia, mama, ni majina tu, ni mchezo wa hesabu. Alinitazama kidogo, akainuka, akatoka bila kuaga. Mzee Mbusa hakucheka.

“Unaona,” akasema walipoondoka, “balishaandika barua kwa inspection. Inspecteur anakuja Alhamisi, mu saa yako. Akiandika défavorable, kwamba haifai, ile saa imekufa, na wewe utapata mutation, batakuhamisha. Mimi sitaweza kitu.”

Hapo nikaogopa kweli. Siyo kwa ajili ya kuhama tu, ingawa mke wangu alikuwa amepanda mboga za poireaux na angenihamisha yeye mwenyewe kwa mwiko. Niliogopa kwa ajili ya saa ile. Benchi la nyuma lililokuwa la kukoroma siku hizi lilikuwa la kugombana juu ya neno “kwa hiyo”. Niliipenda saa ile kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya duniani, na nilikuwa nimeiweka hatarini kwa sababu ya kujionyesha.

Nikasimamisha msako. Nikatayarisha somo la maharagi, safi, bila jina la mtu yeyote. Nikawaambia: Alhamisi, hakuna Kambale. Wakaapa.

Inspecteur, yaani mkaguzi wa shule, alifika kwa pikipiki, mtu mfupi wa miaka hamsini na kitu, suti nzuri na buti za mpira, na mfuko wa plastiki wenye mto wake mwenyewe, kwa sababu mabenchi ya shule alikuwa ameyachoka. Akaweka mto benchi la nyuma, akakaa, akafungua daftari. Somo lilikwenda vizuri mno. Wavulana wawili walicheza, mmoja akashinda, akaandika uthibitisho ubaoni, na darasa likampata kosa moja na kulisahihisha kwa adabu. Nilimwona inspecteur anatikisa kichwa, ile ya kukubali.

Kisha ikafika zamu ya kutia sahihi katika kitabu cha wageni, na kazi ya kukipeleka kitabu ni ya chef wa darasa. Kavira akakipeleka. Inspecteur akaandika jina lake na sahihi. Kavira akasoma. Akabaki amesimama pale pale.

Nilitikisa kichwa. Nikakunja uso. Nikaangusha kikopo chote cha maharagi sakafuni kwa makusudi. Kavira hakugeuka.

“Monsieur l'inspecteur, pardon. Hii Kambale ni jina yako ya kuzaliwa ao ni ya baba?”

“Ya kuzaliwa.”

“Donc uko na kaka mukubwa?”

“Hapana. Nilipewa jina ya babu. Mu nyumba yetu mimi ndiye mukubwa, binti. Juu ya nini?”

Halafu kutoka kona ya dirisha sauti ndogo ikasema: “Kaputula.”

Sitaeleza kelele ile. Kuna benchi lilivunjika. Inspecteur alisimama akadai maelezo, nami nikamweleza yote nimesimama katikati ya maharagi: théorème, dau, mbuzi, akina mama wa sokoni. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akakaa juu ya mto wake, akaandika muda mrefu sana, akafunga daftari, akalitia katika mfuko pamoja na mto, akaondoka bila kuaga.

Mzee Mbusa alikuwa mlangoni. “Monsieur,” akasema, “ameandika murefu. Neno favorable haina herufi mingi vile.”

Ijumaa nikavaa. Fundi cherehani aliponipima miguu aliuliza kama ni ya teatre, ya maigizo. Niliteremka kilima na kupanda kingine katika ule ukungu wa asubuhi, kaputula ya bleu, shati jeupe, soksi mpaka magotini ambazo hazikusaidia kitu. Mama muuza mandazi alinipa mawili bure akidhani nimepatwa na msiba. Mke wangu, aliyekuwa anakwenda sokoni njia ile ile, alitembea hatua ishirini nyuma yangu, na kila mtu aliyemuuliza alimwambia hanijui. Darasani wanafunzi walisimama wakanipigia saluti. Nilifundisha siku zile vizuri kuliko kawaida, kwa sababu nilikuwa nahesabu kila saa kama ya mwisho. Kila pikipiki iliyosimama nje, nilidhani imeleta barua yangu.

Alhamisi iliyofuata pikipiki ilisimama kweli. Inspecteur akaingia, buti zimejaa tope, na safari hii hakuwa na mto. Nilisimama mbele yake na magoti yangu. Hakuyatazama. Aliomba ruhusa ya kusema na darasa, akaenda ubaoni, akasimama akiwa ameshika kofia yake.

“Jumapili nilienda Alimbongo kwa mama yangu,” akasema. “Njia ilikuwa mubaya. Nilimuuliza: mama, mbele yangu kulikuwa mutu? Alipika. Tulikula. Kisha akasema: Paluku. Aliishi siku tatu. Nyuma ya mwaka moja, wewe ulikuja.”

Akageuza kofia mikononi.

“Jina ya babu, ile ni baba aliniambia, juu nisiulize zaidi. Maisha yangu yote, kwa harusi, kwa matanga, minakaa kwa kiti ya mukubwa. Kumbe niko wa pili.”

Hapo ndipo nilipomwelewa yule mama wa kitambaa cha kijani. Nikaona haya mpaka masikio yakawaka. Nilidhani desturi ile ni orodha ya namba, wala sikufikiri kwamba katika kila orodha kuna mama anayejua namba ambayo wengine hawaioni. Kesho yake nilikwenda sokoni na mzee Mbusa kumwomba radhi mama yule. Aliniuzia vitunguu, akanisamehe nusu, akasema nusu nyingine tutaona. Ninyi vijana, kabla hamjawatuma watoto kukusanya mifano, jiulizeni kwanza mfano huo unalala katika nyumba ya nani.

Lakini siku ile darasani ni Kavira aliyesimama, maana alikuwa mkali hata dhidi yake mwenyewe.

“Monsieur l'inspecteur, pole sana,” akasema. “Donc prof anaweza kuvaa pantalon yake ndefu. Théorème haijathibitishwa bado, exemple moja haiko preuve. Mais contre-exemple yetu, mufano wa kuipinga, imekufa.”

Akalisikia neno alilolisema. Akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Inspecteur alimtazama, na ghafla akaanza kucheka, akacheka mpaka akatafuta leso, na alipoipata sikuweza kujua anafuta kicheko au kitu kingine. Akatoa karatasi mfukoni, akaongeza mstari mmoja kwa kalamu, akampa mzee Mbusa aliyekuwa amesimama mlangoni. Prefet akaisoma kwa sauti, polepole, kama kawaida yake. Ilisema favorable, saa ya Alhamisi iendelee, ila majina ya familia za watu yasitumike tena, na kwamba mavazi ya mwalimu siku ya pili ya ukaguzi hayakuwa ya heshima. Darasa likapiga meza. Mimi niliegemea ubao, na nguo zangu zote zikajaa chaki.

Inspecteur alikuwa ameshafika mlangoni aliporudi mpaka kwenye benchi la Kavira.

“Mama aliniuliza nani alinituma kumuuliza,” akamwambia. “Nilisema, binti moja ya masomo. Akasema nikuambie wasingya, aksanti. Akasema tangu siku ile hakuna mutu alimuuliza hata jina ya ule mutoto.”

Kavira akakaa chini. Nilimfundisha miaka miwili zaidi, na hiyo ndiyo mara pekee nilipomwona akipokea sentensi yenye “hakuna mtu” ndani yake bila kudai uthibitisho.